Marehemu Amefungua Banda la Kuku

Saa tatu kasorobo asubuhi, chai ikiwa bado inafuka, Kolumba Mbano alisoma kwenye kioo chake cha mezani kwamba marehemu mmoja wa kata ya Chemchem amefungua banda la kuku.

Alicheka. Miaka kumi na tisa ya uhakiki ilikuwa imemfundisha kucheka kwanza na kusoma baadaye, maana ukianza na kusoma huenda usicheke tena siku nzima. Kila asubuhi Utando, daftari la uhai wa nchi nzima, ulimwaga uchafu wake mezani pake: bibi harusi wa miaka mitatu, ng'ombe aliyehitimu darasa la saba, babu aliyezaliwa baada ya wajukuu zake. Kazi yake pale ofisi ya Songea ilikuwa kuupeta uchafu huo kama mtu anayepeta mchele, mawe upande huu, chakula upande ule.

"Leo tuna maiti mfugaji," akakiambia kikombe. Kisha akagusa mstari ule aone jina.

*Otmar Mbano. Mwanamume, miaka hamsini na mmoja. Amefariki jana saa kumi alasiri, makaburini. Shahidi: Anzelina Kikoti, mkunga. Kauli imepita.*

Otmar alikuwa kaka yake, yeye dada mdogo, tumbo moja, ziwa moja. Na jana hiyohiyo, saa moja ya jioni, marehemu huyo alikuwa kwake akila ugali na dagaa, akaomba aongezewe, akaongezewa, akasema dagaa wana mchanga.

Chini ya mstari ule kulikuwa na mwingine, mwekundu.

*Kifaa hai ndani ya marehemu: pampu ya moyo. Kitazimwa katika ukaguzi wa saa sita mchana.*

Kolumba aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua.

Akampigia.

"Kaka, shikamoo. Umeamkaje?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeamka, ila nyumba imenikataa. Bomba la jikoni nimeliwekea mkono mara tatu, kimya. Mlango wa mbele nao kimya, nimetokea dirishani kama mwizi wa nazi. Banda la kuku tu ndilo limefunguka, lile kufuli la zamani. Na jogoo kaniangalia, Kolumba! Kaniangalia kama mimi si mwenye mji."

Kufuli la zamani liliandika tu nani kapita; halikuuliza kama yu hai. Bomba na mlango viliuliza Utando.

"Kaka, keti chini."

"Nimeketi. Juu ya kinu."

"Jana pale kaburini, mtani alisema nini hasa?"

Upande wa pili Otmar alianza kucheka, na kicheko kikaishia njiani.

Maana wote walikuwepo. Walikuwa wanamzika mjomba wao, na kama ilivyo desturi ya Wangoni na Wahehe, watani walikuja kuharibu huzuni. Bi Anzelina Kikoti, mkunga wa miaka sabini na mbili, Mhehe asiye na mchanganyiko, alikuwa ametoka kushuhudia kifo cha mjomba mbele ya kinasa chake, kile kijiwe cheupe kinachoning'inia shingoni mwa kila shahidi wa kudumu. Akamaliza. Halafu, badala ya kukifunga, akamkamata Otmar miguu yote miwili, akamburuta mpaka ukingoni mwa shimo. "Na huyu naye amekufa!" alipaza sauti. "Otmar Mbano amekufa leo, hapahapa, mimi Anzelina Kikoti nimeona kwa macho yangu! Zikeni, baiskeli yake naichukua mimi!" Watu walicheka mpaka padre akageukia mti. Kolumba mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Na kinasa kilikuwa wazi.

*

Watu wengi hudhani Utando unajua mambo. Haujui kitu. Ni nyuzi tu, kila uzi una ncha mbili na neno katikati: Otmar, *ni kaka wa*, Kolumba. Kolumba, *anaishi*, Chemchem. Mamilioni ya nyuzi zimefungana, na ukivuta mmoja, mlango unafunguka kwingine, dawa inatolewa kwingine, moyo unadunda kwingine. Na kabla uzi haujafungwa, hupitishwa kwenye kalibu, kama udongo wa tofali. Kalibu ya kifo inadai vitu vinne: jina, saa, mahali, na shahidi asiyewahi kukana kauli yake hata moja. Vikitimia, tofali limetoka. Kalibu haiulizi udongo ulichimbwa wapi. Haiulizi nani alikuwa akicheka.

Kolumba alilijua hilo kuliko mtu yeyote Songea, kwa sababu sharti lile la shahidi alilitunga yeye. Alilitunga baada ya miaka ya mashahidi wa kukodi, wakati mtu angeweza kuuawa kwa maneno ili shamba lake lihamie kwa mwingine. Baba yao aliuawa hivyo. Miezi saba alitembea mjini akiwa maiti, hanywi maji ya bomba, hapokelewi zahanati, mpaka malaria ikaja kuikamilisha kauli. Kwa hiyo Kolumba, akiwa kijana mwenye hasira na kalamu, aliandika: *shahidi akikana kauli moja, kauli zake zote zivunjwe.* Zote. Aliandika kwa mkono usiotetemeka.

Sasa mkono uleule ulishika simu, kuwaita Otmar na bibi waje ofisini.

*

Saa nne na robo waliingia ofisini wote wawili, Otmar mbele ameshika kifua bila kujua kwamba amekishika, Bi Anzelina nyuma na kanga kichwani, midomo imemkauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kolumba, nimesikia. Ngoja nifungue kinasa nikane. Nakana sasa hivi. Nilikuwa nata—"

Kolumba aliruka meza nzima. Alikifumba kijiwe kile kwa viganja vyake viwili, kifuani pa bibi wa watu, akakibana kama anayezima moto.

"Usiseme! Bibi, kwa jina la waliokuzaa, usiseme neno hilo!"

"Huyu mtoto kapagawa," Bi Anzelina alinong'ona.

"Umezalisha watoto wangapi tangu upewe kinasa?"

"Mia nne na kumi na wawili. Ningekuwa na meno yangu yote ningekutajia majina."

"Shahidi wao ni nani?"

"Ni mimi. Nani mwingine anaamka?"

"Ukikana kifo cha Otmar, umekuwa shahidi aliyekana. Kauli zako zote zinavunjika saa ileile. Watoto mia nne na kumi na wawili hawajazaliwa."

Bibi alimtazama, akatazama dirisha, kisha akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukitafuta, na kwa bahati kiti kilikuwepo.

"Wale njiti," alisema.

"Wangapi?"

"Sita. Wako kwenye mashine za joto. Mmoja ana gramu mia tisa, Kolumba. Nimemshika hapa, kwenye kiganja. Mashine inamuuliza Utando kila saa kama yeye ni nani."

Kutoka kifuani mwa Otmar ulisikika ule mlio mdogo wa pampu, tiki na tiki, mlio ambao familia ilikuwa imeuzoea mpaka wakaacha kuusikia. Kolumba aliusikia sasa kana kwamba mtu anagonga mlango.

"Basi kata rufaa," Otmar alisema. "Andika kwamba nipo. Mimi huyu."

"Rufaa inachukua siku kumi na nne. Na mlalamikaji lazima awe hai."

"Ahaa." Otmar akajaribu kutabasamu. "Hilo ni sharti zuri. Marehemu wana maneno mengi."

"Daktari aitenge pampu na Utando?" Kolumba aliuliza.

"Imefungwa kwa lakiri. Kuifungua kunahitaji idhini ya mwenyewe."

"Ambaye ni maiti."

"Ambaye ni maiti, ndiyo, mdogo wangu. Endelea kunitia moyo."

Palibaki njia moja, na Kolumba alikuwa ameizunguka tangu saa tatu kama mtu anayezunguka shimo kwenye giza: kuliondoa lile sharti lake. Mhakiki haandiki kauli, anapima tu. Lakini kalibu ni zake, angeweza kukaza na angeweza kulegeza. Bibi angekana, njiti wangebaki, Otmar angebaki. Ila masharti ya Utando hayafanyi kazi kuanzia leo tu. Yanarudi nyuma mpaka uzi wa kwanza. Angelilegeza saa hii, kauli elfu tatu za wale mashahidi wa kukodi zingefufuka kaburini saa hiihii. Watu mia nane waliorudishiwa uhai wangekufa tena, palepale walipo, jikoni, shambani, darasani. Wengine nao wana pampu.

Aliwaeleza. Alieleza vibaya, akirudiarudia, lakini walielewa.

Otmar alisimama, akaenda dirishani. Nje kulikuwa na jua la kawaida kabisa.

"Basi hesabu si ngumu," alisema bila kugeuka. "Njiti sita. Watu mia nane. Mimi mmoja, na nimeshakula chumvi. Mke wangu Fridolina mumwambie pole pole, msimwambie akiwa anapika."

"Nyamaza!" Bi Anzelina alifoka. "Mngoni wewe! Babu zenu walitoka kusini huko wakitafuta kwao, mpaka leo hawajafika, na wewe unataka kufika leo? Kaa chini!"

"Mtani, wewe ndiye uliyeniua."

Yalimtoka kama utani. Lakini hakuna aliyecheka, na bibi alifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kutikisika. Otmar alimwendea haraka, akapiga goti mbele yake. "Hapana, hapana, mtani, bibi yangu. Mimi pia nilicheka. Nilikwambia uchukue na kengele ya baiskeli."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

*

Wazo halikumjia Kolumba kama nuru. Alikuwa akipitia kalibu zake zote moja baada ya nyingine, akitafuta ufa, yeye aliyetumia miaka kumi na tisa kuziba nyufa, na alipofika kalibu ya kuzaliwa, akaona kwamba hakuwahi kuandika uzito.

Alisoma tena. Jina, saa, mahali, mama aliye hai mwenye miaka kumi na miwili mpaka hamsini na mitano, damu ya mtoto inayolingana nusu kwa nusu na ya mama, shahidi safi. Uzito: andika kilo. Kiwango cha juu: hakuna. Nani angefikiria?

"Pampu haijui jina lako," alisema taratibu. "Inajua damu yako. Saa sita inauliza swali moja: yupo mtu hai mwenye damu hii?"

"Hayupo. Nimekufa."

"Angezaliwa mwingine?"

Otmar alimtazama mdogo wake kama jogoo alivyomtazama yeye asubuhi.

"Damu moja inaruhusiwa watu wawili," Kolumba aliendelea, maneno yakikimbizana. "Kwa ajili ya mapacha wa kufanana. Wakitofautiana siku ya kuzaliwa inatoka alama ya onyo, siyo kizuizi, kwa sababu kuna wanaozaliwa mmoja kabla ya saa sita ya usiku na mwenzake baada. Onyo linakuja mezani kwangu mimi. Na mama... damu ya mama na mtoto hulingana nusu. Ya ndugu wa tumbo moja nayo, karibu nusu. Kalibu haiwezi kutofautisha."

"Mama yetu amekufa, Kolumba."

"Najua. Mimi nina miaka arobaini na minne."

Otmar alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Yaani wewe... unizae."

"Ndiyo."

"Kilo sabini na moja."

"Usinifanye nicheke, kaka, nitatapika."

Lakini Bi Anzelina hakuwa ametabasamu hata kidogo. Alikuwa amekishika kinasa chake kama watu wanavyoshika rozari.

"Siwezi," alisema.

"Bibi—"

"Nisikilize, mjukuu wangu. Jana nilitania. Kila aliyekuwa pale alijua natania, mpaka maiti mwenyewe alijua. Mimi maisha yangu yote nimewatukana Wangoni, nimewazika wakiwa hai, nimewaozesha mbuzi. Sijawahi kusema uongo. Kijiwe hiki kinajua. Mtoto akizaliwa mfu nasema mfu, hata mama akinilamba miguu. Baba akiniambia andika tarehe nyingine, namwambia nenda kamtafute mkunga mwingine. Sasa unataka nisimame hapa, na akili zangu timamu, niseme nimeona kitu ambacho sikukiona? Mimi si yule aliyemuua baba yenu."

Bibi alikuwa amesema kweli, na jambo lile lilikuwa lilelile ambalo Kolumba alikuwa akilipiga vita tangu ujana. Shahidi anayejua kwamba hajaona, na anasema nimeona. Haikuwa na jina lingine.

"Basi usiseme," Otmar alisema kwa upole. "Mtani, usiseme. Mimi sina kinyongo."

Pampu ilisema tiki. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika arobaini na tisa.

Kolumba alijikuta amepiga magoti. Hakukumbuka kushuka. "Bibi, sikuombi kwa sababu ni haki. Si haki. Mimi ndiye niliyeandika sheria isiyojua kucheka, na sasa nakuomba wewe uibebe. Ukikataa nitakuelewa na nitakuheshimu mpaka nife. Lakini nakuomba."

Bi Anzelina aliangalia chini, kwenye utosi wa mwanamke yule, kwa muda mrefu kuliko muda uliokuwepo.

"Lala chini," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Kama nitasema umezaa, utalala. Sitasema neno hili na wewe umesimama na kalamu sikioni."

Akalala. Sakafu ya ofisi ilikuwa ya baridi. Otmar aliagizwa alale kando yake, kichwa kwenye mkono wa mdogo wake, akalala, mtu mzima wa ndevu, na hakutania, maana meno yalikuwa yakigongana. Bibi aliwatoboa vidole wote wawili kwa pini yake ya ukunga, akagusisha damu kwenye kijiwe, akakifungua. Sauti yake ilitoka kavu, bila kuchezacheza.

"Mimi Anzelina Kikoti, mkunga. Leo saa tano na dakika hamsini na sita, ofisi ya uhakiki, Songea, nimeona kwa macho yangu Kolumba Mbano akijifungua mtoto wa kiume, hai. Jina lake Otmar. Uzito, kilo sabini na moja."

Akakifunga.

Kioo mezani kiliwaka njano: *Onyo: damu pacha, tarehe tofauti. Mhakiki aamue.* Kolumba alijiburuta juu, akabonyeza *endelea* kwa kidole kinachovuja. Rangi ikageuka kijani.

*Kauli imepita. Hongera, mama.*

Halafu wakasubiri. Dakika nne ni ndefu. Aliyewahi kusubiri mlangoni mwa chumba cha upasuaji anazijua. Saa sita ilipogonga, pampu ilinyamaza.

Otmar alifumba macho. Kolumba alimshika shingo. Alihesabu moja, akahesabu mbili, akahesabu tatu.

Tiki.

*

Mchana ule Utando ulimtumia Kolumba ratiba ya kliniki, chandarua, na ukumbusho wa matone ya polio. "Nitalia," Otmar alisema, "lazima mnibebe." Kisha akaenda nyumbani kuangalia kama bomba litamkubali, akijua kwamba Fridolina sasa ni mjane, kwamba wanawe wana baba marehemu, na kwamba yeye mwenyewe hana mke, hana shamba, na hana ruhusa ya kuvuka barabara peke yake mpaka atimize miaka saba. Hayo yangetafutiwa njia. Alitembea taratibu, mkono kifuani.

Bi Anzelina alibaki nyuma. Alivua kinasa shingoni, akakiweka juu ya meza, katikati ya karatasi.

"Kesho nikija nikakwambia mtoto kazaliwa," aliuliza, "utaniamini?"

Kolumba alichelewa kujibu. Si sana, kama pumzi moja hivi. Bibi alitikisa kichwa, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Kijiwe akakiacha.

Kila siku saa kumi mhakiki hutoa taarifa, naye ameapa: ufa wowote anaouona katika kalibu auzibe siku hiyohiyo. Kuuziba ulikuwa mstari mmoja tu. *Uzito usizidi kilo sita.* Aliuandika. Ulikaa pale kwenye kioo, mfupi, wenye akili, sharti ambalo lingepaswa kuwepo tangu mwanzo. Lingerudi nyuma mpaka uzi wa kwanza. Lingemkuta Otmar jikoni, amechutama chini ya bomba.

Na asipouziba, kesho mwizi yeyote aliyefutwa ushahidi kwa makosa yake angeweza kuzaliwa upya, safi kama maji ya mtungi, akatafuta kinasa, akaanza tena kuwaua watu kwa maneno.

Alijiambia kwamba kabla ya kuamua ni vizuri kujua ukubwa wa ufa. Akauliza Utando, nchi nzima: waliozaliwa wakiwa na zaidi ya kilo sita ni wangapi? Alitegemea jibu liwe: mmoja.

*Mia mbili na tisa.*

Alisogea karibu na kioo. Kilo hamsini na nane, Kigoma. Kilo themanini na tatu, Lindi. Kilo arobaini, Babati, huyo labda mtoto, labda binti wa mtu mwenye pampu, au figo, au mume wa kumkimbia. Kilo tisini na sita. Kilo sabini. Kila mmoja na shahidi wake safi, na onyo lake la njano, na mahali fulani mhakiki aliyebonyeza *endelea*. Wahakiki wenzake, aliokaa nao semina, aliokula nao pilau. Nani kati ya hawa ni kaka wa mtu, na nani ni muuaji? Alifungua nyuzi zao moja moja. Zote zilikuwa na umbo sahihi. Hakuna hata moja iliyomwambia kitu.

Saa kumi kasoro dakika mbili alifuta ule mstari wa kilo sita, herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kwenye taarifa akaandika: *Leo hakuna kasoro iliyoonekana.* Akaweka dole gumba. Kalibu ya taarifa inadai tarehe, jina na dole gumba, vyote vilikuwepo. Ikapita.

Alinyoosha mkono azime kioo, na hapo namba ikabadilika mbele ya macho yake.

*Mia mbili na kumi.*

Kilo sitini na nne, mwanamume, hai, amezaliwa dakika hii. Mahali: Songea, kata ya Chemchem. Aliyebonyeza *endelea* safari hii hakuwa yeye.

Kaka wa mtu, au muuaji? Kolumba aliinuka, akaenda mlangoni, akajifungia ndani, akageuza ufunguo mara mbili.